Rovu limepungua, upungufu umebaki: tezi ya shingoni na chumvi tunayoinunua

Kila tunapofanya kipindi cha lishe, meseji nyingi zinazoingia studio si za kisukari wala za presha. Ni za shingo. Mmoja anauliza kuhusu mama yake ambaye amekuwa na uvimbe kooni miaka yote, hauumi, haupungui. Mwingine amejifungua miezi michache iliyopita, anakonda huku anakula vizuri, moyo unamwenda mbio, na nyumbani wameshaanza kutaja majina ya wanaodhaniwa kumroga. Wapo wanaouliza kama ni kweli chumvi ya pakiti inaua nguvu za kiume. Hewani tunapata dakika tano za kujibu yote hayo, nazo hazitoshi. Hapa tuna nafasi zaidi.

Maswali hayo yanarudi kwenye kiungo kimoja kidogo kilichopo mbele ya shingo. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini yanarudi pia kwenye kitu kilichopo kila jikoni, nacho ni chumvi.

Tulikotoka

Huku kwetu rovu si habari mpya. Katika miaka ya 1960, daktari Michael Latham alipima watu wa Ukinga, eneo ambalo leo ni wilaya ya Makete, akakuta wenye shingo zilizovimba ni wengi kuliko wasio nazo. Katika miaka ya 1980 vipimo vilivyofanywa nchini vilionyesha kwamba takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne alikuwa na rovu, na wilaya za milimani ndizo zilizoongoza. Wazee wetu wanakumbuka. Rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba mtu hakuhesabiwa mgonjwa mpaka lilipoanza kumbana pumzi.

Serikali ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaja njia ya kudumu: kuweka madini joto ndani ya chumvi, kwa sababu chumvi ndicho chakula pekee ambacho tajiri na maskini hula kila siku kwa kiasi kinachokaribiana. Uswisi, nchi nyingine ya milima na marovu, ilianza kufanya hivyo mwaka 1922. Kwetu matokeo yalikuja haraka. Uchunguzi mkubwa wa wanafunzi uliofanyika mwaka 2004 ulikuta wenye rovu wameshuka hadi asilimia 7 hivi, na kaya zaidi ya 8 katika kila 10 zikiwa na chumvi iliyowekwa madini joto. Hiyo ni kati ya kazi kubwa za afya ambazo nchi hii imewahi kufanya, ingawa hatujasikia hata kwaya moja ikiiimba.

Tatizo la mafanikio ya namna hii ni kwamba yanajisahaulisha. Shingo zikishapungua, watu hawaulizi tena kuhusu chumvi. Anayenunua anaangalia bei na weupe, na anayeuza anaangalia gunia linaisha lini. Lakini shingo ilikuwa alama tu ya upungufu. Alama inaweza kufifia na upungufu ukabaki, na ndiyo sababu tunaandika makala haya.

Tezi hii inafanya nini

Inaitwa tezi ya thairoidi, na vitabu vingine vya Kiswahili huiita dundumio. Imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ikiwa na umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 20 hivi, kama nusu ya yai la kuku wa kienyeji. Mtu mwenye afya haioni na hata haigusi akajua ipo.

Fikiria jiko la mkaa. Chakula unachokula ni mkaa. Tezi hii ndiyo mkono unaopepea. Ikipepea sana, jiko linawaka kwa fujo na mkaa unaisha upesi. Ikipepea kidogo, sufuria inakaa saa nzima bila kuchemka. Kila sehemu ya mwili, moyo, utumbo, misuli, ngozi, ubongo, inasubiri upepeo huo ili ijue ifanye kazi kwa kasi gani. Upepeo wenyewe ni homoni mbili ambazo tezi inazitengeneza na kuziachia kwenye damu. Maabara huziandika T4 na T3, na tarakimu hizo zina maana yake: ni idadi ya chembe za madini joto zilizomo ndani ya kila homoni. Nne, na tatu. Bila madini joto homoni hizo haziwezi kuwepo, kama vile ugali hauwezi kuwepo bila unga.

Tezi nayo ina msimamizi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo kama njegere, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayopima damu, na ikiona homoni za shingoni zimepungua inatuma mjumbe wa kuihimiza tezi ifanye kazi zaidi. Zikizidi, inanyamaza. Mjumbe huyo kwenye karatasi ya maabara huandikwa TSH. Ukipewa majibu na TSH ikawa juu, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango na inapigiwa kelele. Ikiwa chini sana, mara nyingi tezi imezidisha kazi na imeachwa bila wa kuihimiza.

Umuhimu wa tezi hii uligunduliwa kwa njia ya kusikitisha. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa mji wa Bern, Uswisi, alikuwa bingwa wa kuondoa marovu. Mwanzoni aliwaondolea baadhi ya wagonjwa tezi yote, vidonda vikapona vizuri, wakarudi makwao. Alipowafuatilia, akakuta wengi wamebadilika: wamekuwa wazito, nyuso zimevimba, wanahisi baridi, wanaongea na kufikiri polepole, na waliokuwa watoto wamedumaa. Alitangaza jambo hilo mwaka 1883 bila kuficha, akabadilisha upasuaji wake, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu tezi hii.

Kwa nini milimani

Mwili hauwezi kutengeneza madini joto. Yanatoka nje, kwenye chakula na maji, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima. Ukikusanya ya maisha yote ya mtu hayazidi kijiko kimoja cha chai. Lakini mwili hauweki akiba ya miaka mingi, kwa hiyo kijiko hicho lazima kije kidogokidogo, siku baada ya siku.

Madini joto huyeyuka kwenye maji. Mvua inayonyesha mlimani kwa maelfu ya miaka huyaosha kutoka kwenye udongo, mito ikayapeleka baharini. Ndiyo maana samaki wa baharini na mwani wanayo tele, na udongo wa milima umebaki mtupu. Viazi vya Makete na mahindi ya Njombe havina kosa lolote, vinashibisha na vinauzika, ila haviwezi kutoa ambacho udongo hauna. Kuongeza mbolea ya kawaida hakubadilishi jambo hili.

Kuna na muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili unapoisafisha sumu hiyo hubaki kitu kinachoizuia tezi kuvuta madini joto kutoka kwenye damu. Watafiti waliliona hilo wazi huko Kongo, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambako watu walikula muhogo kwa wingi na madini joto yalikuwa haba. Hatusemi muacheni muhogo. Tunasema uloweke siku za kutosha na uukaushe vizuri kama bibi zetu walivyofundisha, hasa kwenye mwaka wa njaa ambapo watu hukatisha hatua.

Basi madini joto yakikosekana, pituitari inapiga kelele, na tezi inajitanua ili inase kila chembe kidogo inayopita. Ni kama mama ambaye unga umepungua, naye akanunua sufuria kubwa zaidi. Huko kutanuka ndiko rovu. Mwanzoni ni juhudi ya mwili, na wakati mwingine juhudi inafaulu: shingo imevimba lakini homoni zinatosha. Ndiyo sababu mtu anaweza kuishi na rovu miaka 30 akilima na kuzaa bila shida kubwa. Na ndiyo sababu pia rovu halikuwatisha watu. Linaonekana, halifi mtu.

Linalotisha halionekani.

Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya kwanza, hana tezi inayofanya kazi. Homoni zote zinazoujenga ubongo wake anazitoa kwa mama. Kwa hiyo mahitaji ya mama mjamzito yanapanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku. Mama akikosa sana, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa akiwa kiziwi, asiyesema, aliyedumaa, mwenye akili iliyozuiwa kukua. Hilo kila mtu analiona. Upungufu wa wastani haufanyi hivyo. Mtoto anazaliwa mzima, anatembea, anacheza, anaingia darasa la kwanza, ila kushika somo kunakuwa kugumu kuliko ilivyopaswa. Atachapwa, ataitwa mzembe, na hakuna atakayehusisha jambo hilo na chumvi ambayo mama yake alinunua kabla hajazaliwa. Shirika hilohilo linautaja upungufu wa madini joto kuwa sababu kubwa zaidi duniani ya madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Na mama wa mtoto huyo anaweza kuwa na shingo laini kabisa.

Ubongo wa tumboni ukishakosa, kumpa mtoto chumvi nzuri akiwa na miaka 7 hakurudishi yote. Kwa hiyo chumvi ya kliniki ya wajawazito imechelewa kidogo. Inayofaa ni ile ambayo msichana anakula kabla hajajua kama ana mimba.

Gunia la gulioni

Hesabu ya chumvi ni rahisi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kama kila kilo ina miligramu 30 za madini joto, gramu 5 hizo zinampa mikrogramu 150, kamili. Huhitaji kuongeza chumvi kwenye chakula. Ukiongeza unajitafutia presha. Kinachohitajika ni kwamba chumvi yenyewe iwe nayo. Kipimo kinachokubalika ikiwa nyumbani ni miligramu 15 kwa kilo au zaidi.

Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi yote ya kuliwa na watu iwe na madini joto. Viwanda vikubwa vinavyofunga kwenye pakiti havina sababu ya kushindwa. Shida iko kwenye gunia lisilo na jina. Kuna chumvi inayochemshwa kutoka kwenye chemchemi za Uvinza kule Kigoma, kazi yenye umri wa karne nyingi. Kuna ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, nayo ya tangu enzi za mababu. Kuna ya kuanikwa juani kwenye mabwawa ya pwani, kutoka Tanga mpaka Mtwara. Wengi wanaoivuna ni wazalishaji wadogo, na sehemu ya mavuno yao huingia kwenye magulio yetu ikiwa kwenye gunia wazi na kuuzwa kwa kikombe.

Wapo wanaodhani chumvi ya bahari haihitaji kuongezwa kitu. Tulidhani hivyo hata sisi mpaka tulipoelezwa: madini joto yapo kwenye maji ya bahari, lakini chumvi inayobaki baada ya maji kukauka inakuwa nayo kidogo sana. Pemba ni mfano mzuri. Utafiti uliochapishwa katika miaka ya 2000 uliwakuta wanafunzi wa kisiwa hicho, kilichozungukwa na bahari pande zote, wakiwa na upungufu kuliko wa Unguja, na majumbani chumvi yenye madini joto ilikuwa karibu haipo. Mwani, ambao umejaa madini hayo, unalimwa pale na kuuzwa nje.

Mzalishaji mdogo afanye nini? Dawa inayowekwa kwenye chumvi inaitwa potasiamu iodeti, inaagizwa kutoka nje na inalipiwa. Mwanzoni mashine na dawa hiyo vilikuja kwa msaada, UNICEF wakiwa mstari wa mbele. Msaada ukiisha, gharama inabaki kwa mtu mwenye koleo na turubai, anayeshindana na jirani ambaye haweki kitu. Akiamua kuweka, mara nyingi hutumia bomba la mgongoni, lile la kupulizia mazao, akanyunyiza kwenye rundo na kuchanganya kwa koleo. Rundo la juu linapata sana, la chini halipati.

Maoni yetu ni kwamba kumkamata muuza gunia wa gulioni ni kuanza mwisho. Yeye hajui kilichomo, na mteja wake anatafuta cha bei ndogo. Sehemu chumvi inapovunwa zinajulikana na haziko nyingi. Hapo ndipo dawa ingepatikana kwa bei ambayo mtu wa koleo anaimudu, mashine moja ya kuchanganyia ikatumiwa na kikundi, na mkaguzi akapima kabla lori halijaondoka. Tangu 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, na masuala ya lishe yako kwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Halmashauri nazo zina maofisa afya mpaka kwenye kata. Mamlaka zipo. Swali ambalo diwani wako anaweza kuulizwa ni hili: mara ya mwisho chumvi ya gulio letu kupimwa ilikuwa lini, na ilikutwaje?

Upimaji wa awali wala si kazi ya maabara kubwa. Kuna kichupa kidogo chenye dawa. Tone likidondoshwa kwenye chumvi yenye madini joto, chumvi inageuka rangi ya bluu au zambarau. Ikibaki nyeupe, hakuna kitu. Ofisa afya akipita kijijini na kichupa hicho, mpelekee kijiko cha chumvi yako.

Tuseme na upande wa pili, kwa sababu madini joto si kitu cha kuzidisha. Katika miaka ya 1990, chumvi ilipoanza kuwekwa madini hayo nchini Zimbabwe na huko Kivu, hospitali ziliona ongezeko la watu ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi. Wengi walikuwa watu wazima wenye marovu ya miaka mingi. Tezi iliyozoea njaa ilipopata chakula tele kwa ghafla, baadhi ya sehemu zake zikashindwa kujizuia. Hiyo haikuwa sababu ya kuacha chumvi hiyo, ila ilifundisha kwamba kipimo lazima kisimamiwe juu na chini. Kwa hiyo kama una rovu la zamani, usinywe dawa za matone ya iodini za mitaani kwa kujitibu. Nenda upimwe.

Nyumbani, weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, jua na unyevu. Usiioshe hata kama ni ya mawe na ina vumbi, maana madini joto yanaondoka na maji. Itie chakula kikikaribia kuiva. Na usitumie chumvi ya mifugo kwa watu. Kuhusu nguvu za kiume, jibu ni hapana. Chumvi ya pakiti haizigusi. Tezi iliyokosa madini joto ikalegea ndiyo inayoweza kupunguza hamu ya tendo na uwezo wa kupata mtoto, kwa mume na kwa mke.

Si kila shingo ni chumvi

Yapo magonjwa ya tezi hii yasiyohusiana na chumvi, na haya yanawapata hata watu wa Dar es Salaam wanaokula samaki wa bahari kila siku. Wanawake wanapata mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Katika mengi ya hayo, kinga ya mwili inakosea na kuishambulia au kuichochea tezi yenyewe. Ikiishambulia, tezi inalegea polepole. Mtu anachoka bila kazi, anahisi baridi wenzake wakitoa jasho, ananenepa huku hali sana, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, hedhi inazidi, mimba hazishiki au zinatoka. Dalili hizi zinakuja kwa miezi na miaka, na kila moja ina maelezo yake ya haraka: umri, damu kupungua, uvivu. Mume anasema mke wangu amebadilika, na kweli amebadilika.

Kinga ikiichochea tezi, inakuwa kinyume. Moyo unapiga kwa kasi hata umelala, mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unakimbia, hasira ziko karibu, na mwili unakwisha huku sahani zinaongezwa. Wengine macho yanatoka nje. Huyu ndiye anayeumia zaidi kwa maneno ya watu. Akikonda anaambiwa ana virusi. Akipima akakutwa hana, anaambiwa ana mapepo. Tunawaomba viongozi wa dini na waganga wa asili wanaotusikiliza: ukiletewa mtu anayekonda, anayetetemeka na mwenye moyo wa mbio, mwombee kama ndiyo kazi yako, lakini mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Ugonjwa huu ukiachwa unaweza kuuharibu moyo. Na kuchanja shingo kwa wembe hakutibu chochote, ila kunaleta kidonda mahali penye mishipa mikubwa ya damu.

Mama aliyejifungua anastahili kutajwa peke yake. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa, tezi inaweza kuwaka kwa muda, kisha ikalegea, na kwa wengi ikarudi yenyewe. Mama anaonekana mwenye wasiwasi, kisha mchovu na mwenye huzuni, na kila mtu anasema ni mtoto anamnyima usingizi. Huenda ni mtoto kweli. Lakini kama hali inaendelea, kipimo cha TSH kitajibu.

Uvimbe mmoja mgumu, unaokua upesi, wenye kuambatana na sauti kukwaruza, kushindwa kumeza au vivimbe vingine pembeni mwa shingo, usisubiri. Vivimbe vingi vya tezi si saratani, lakini vya namna hii vinahitaji kuonwa na daktari mapema, na saratani nyingi za tezi hii zinatibika vizuri zikiwahiwa.

Pia kuna watoto wanaozaliwa tezi haipo au haifanyi kazi. Nchi tajiri humpima kila mtoto kwa tone la damu la kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa. Kwetu kipimo hicho si sehemu ya huduma ya kawaida kwa kila mtoto. Kwa hiyo mama, mtoto anayelala kupita kiasi, asiyenyonya vizuri, mwenye umanjano usioisha, ulimi mkubwa na kitovu kilichotokeza, mwambie mganga wa kliniki waziwazi kwamba unaomba tezi yake ipimwe. Akianza dawa ndani ya wiki chache za kwanza anakua kama wenzake.

Zahanati nyingi hazina kipimo cha TSH. Piga simu au tuma mtu aulize kabla hujalipa nauli. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia, na wakati mwingine damu husafirishwa kwenda maabara nyingine, majibu yakachukua siku. Tezi iliyozidisha kazi hutibiwa kwa vidonge vya kabimazoli, kwa upasuaji, au kwa madini joto yenye mionzi yanayotolewa katika hospitali chache kama Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo likauma, acha dawa na urudi hospitali siku hiyohiyo, maana mara chache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu.

Tezi iliyolegea hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini, homoni ileile ambayo mwili umeshindwa kuitengeneza. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai, na mbali na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo vinaizuia isifyonzwe. Wengi huimeza maisha yote. Tunajua watu wanaoiacha wakishapata nafuu, wakidhani wamepona. Nafuu ile ni ya kidonge, na miezi michache baadaye uchovu unarudi ulipokuwa. Mwanamke anayeitumia akishika mimba asiiache hata siku moja, bali awahi kliniki akaseme, kwa sababu dozi yake mara nyingi inabidi iongezwe tangu wiki za mwanzo.